Pombe ya Mwenye Shamba

Alhamisi, jioni. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno. Mawingu yamekaa juu ya milima ya Mbizi lakini mvua bado.

Naogopa.

Naanza na hilo kwa sababu leo sina lingine. Ugali nimeuunguza. Kisimani nimesahau ndoo, nimerudi kuifuata, nikasimama pale nisikumbuke nimefuata nini. Kila gari likipita barabarani naacha kazi nasikiliza kama linapunguza mwendo. Kesho asubuhi Mama anatakiwa ofisi ya wilaya, mjini Sumbawanga, na mimi natakiwa naye, kama shahidi. Habari ameileta balozi wetu wa nyumba kumi. Amesimama mlangoni, kiti amekataa, maji amekataa. Na huyu balozi kwa kawaida akipita hapa mtungi haubaki na kitu.

Baba yuko Kabwe, ziwani, tangu Pasaka, kwenye biashara ya samaki. Tuko wawili tu, Mama na mimi. Ngoja nieleze yote tangu mwanzo, huenda nikiyaona kwenye karatasi yakapungua ukubwa.

Uchaguzi unakaribia. Wagombea wetu wawili, mmoja kapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, na Chama kinawatembeza pamoja, jukwaa moja. Mtu kujifanyia kampeni yake peke yake hairuhusiwi. Ndipo akaja huyu bwana wa suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, akasema yeye ni mkufunzi wa uhamasishaji na anaendesha semina. Semina, si kampeni. Alitaka vijana wanaojua kusoma na kuandika vizuri. Mimi nafundisha darasa la kisomo cha watu wazima hapa kijijini, kwa hiyo jina langu lilitajwa la kwanza. Nilivimba kichwa, sitaficha. Siku ile nilitembea kijiji kizima bila shughuli yoyote, ili nionekane tu.

Kila mmoja alipeleka debe la mahindi, mchango wa semina. Ahadi ilikuwa kwamba watakaofanya vizuri watapelekwa chuoni, wakirudi watapewa ofisi na mshahara. Asubuhi tulifundishwa namna ya kusimama mbele ya watu, wimbo uanze saa ngapi, na jinsi ya kulisifu jembe bila mtu kuweza kusema umempigia debe mgombea. Jua likipanda yanaanza mafunzo kwa vitendo. Yaani shamba. Mhamasishaji asiyelima atawaambia nini wakulima? Alivyolisema tulipiga makofi. Ana ulimi yule, anaweza kukuvua viatu ukamshukuru kwa kukupunguzia mzigo.

Tulilima. Tulipasua matuta ya ntumba ya mwaka jana, yale yanayofukiwa majani yaoze, tukasafisha eneo kubwa kuliko mashamba ya kaya kumi. Wiki baada ya wiki, bila uji, bila chumvi. Wenzangu wengine waliacha mashamba yao wenyewe, na mvua inakuja.

Na mimi nilijua.

Nilikwenda mjini kununua mafuta ya taa, nikamsikia mzee mwenye duka anamwambia dereva wa lori lake kwamba maharage ya Mkufunzi yakivunwa yote yanakuja kwake, wameshakubaliana. Kisha binamu yangu wa Milanzi akaniambia kwao pia kuna semina. Mkufunzi ni huyuhuyu, nyimbo ni hizihizi, ila sisi tunapoimba jembe wao wanaimba nyumba. Nao wana shamba. Nikarudi nyumbani nimefunga mdomo, kwa sababu ya chuo. Nilikuwa nimeshajiona na sketi ya mkunjo na begi la ngozi.

Mama mambo ya wagombea hayajui na hayataki. Anachojua ni mashamba. Kila jioni aliniuliza Mkufunzi amewapa nini leo, namjibu hakuna. Basi akaanza kumwonea huruma. Si sisi, yeye! Alisema, "Maskini, mtoto wa watu hana mke huku. Nani atamkorogea?" Maana kwetu ukiita watu wakulimie unawapikia pombe. Asiyepika ana msiba, au ni mgeni asiye na mtu wa kumsaidia. Kwamba mtu anaweza kuwa na nguvu zote na asipike kwa makusudi, hilo Mama halikumpita hata akilini. Akaloweka ulezi wake mwenyewe. Mimi nilifikiri ni wa ubatizo wa mtoto wa jirani.

Juzi, Jumanne, alikuja bwana mkubwa kutoka wilayani kuliona shamba. Yeye alikuwa ameambiwa ni la semina, na mavuno yatakwenda shule ya kijiji. Tulipangwa mistari, majembe begani. Mkufunzi akazungumza juu ya kujitolea mpaka mimi mwenyewe nikasahau mgongo unaniuma. Ndipo vikasikika vigelegele kutoka bondeni.

Nilimtambua kwa mwendo kabla sijauona uso. Mama yangu, chungu kichwani, khanga yake ya Krismasi, na nyuma yake wanawake wa mtaa wetu na vyungu na vibuyu. Nilitaka nikimbie nikamzuie, na sikusogea.

Walitua vyungu. Mama akapiga magoti, akauliza kwa Kifipa, halafu kwa Kiswahili ili mgeni asipitwe, "Shamba ni la nani?" Ndivyo inavyofanywa. Pombe haiguswi kabla mwenye shamba hajatajwa, ili wanywaji wajue wanamshukuru nani.

Wenzangu wote walitazama miguu yao. Mimi pia nilitazama yangu.

Basi akajibu mwenyewe, anatabasamu, anafikiri tuna haya. "Ni la Ndugu Mkufunzi. Hana mtu wa kumpikia, nimempikia mimi. Kunyweni, ni shukrani yake."

Bwana mkubwa alimgeukia Mkufunzi akamuuliza polepole, "Ni lako, Ndugu?" Mkufunzi akacheka, akasema huyu mama ni mzee, amechanganyikiwa kidogo. Mama hana hata mvi za kutosha. Bwana mkubwa hakucheka. Alipanda Landrova yake bila kuonja, na vumbi lake halijatua watu wakawa wametawanyika, kila mtu na njia yake. Vyungu vilibaki shambani na pombe ndani. Wanawake walimfuata Mama mpaka nyumbani, naye alikuwa bado anauliza amekosea wapi.

Leo mchana, balozi akiwa ameshaondoka tangu asubuhi, akaja Mkufunzi mwenyewe. Amekibeba chungu cha Mama. Alimwamkia shikamoo vizuri sana, akakaa, akazungumza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitia baridi. Alisema mambo yanarekebishika. Kesho Skolastika, yaani mimi, aseme shamba ni la semina, na kwamba mama yake alitumwa na watu wa upande wa nyumba, wakampa sukari ili aje kuharibu ziara. Mwanamke wa kijijini atasamehewa, atatozwa faini kidogo, yamekwisha. Na Skolastika atakwenda chuoni. Lakini Skolastika akisema vingine, basi Mama amepika pombe bila kibali, amenywesha watu saa za kazi, amehujumu uhamasishaji. Watu wa namna hiyo wana jina lao, alisema, na mwaka wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa mliona yaliyowapata.

Tuliona. Nyumba ya bibi yangu ilibomolewa paa yeye akiwa ndani anatafuta kiatu. Kosa lake lilikuwa kuuliza kwa nini aharakishwe.

Akaniuliza, "Tumeelewana?"

Nikasema, "Ndiyo, Ndugu."

Nimeliandika jinsi lilivyo. Hakunishika mkono, hakupandisha sauti, na neno likatoka laini kabisa. Mama alikuwa pale, hatua chache tu, anachambua mboga. Kiswahili anakisikia vizuri kuliko watu wanavyofikiri.

Mpaka saa ile Mama alikuwa bado upande wa Mkufunzi. Hata kuku alikuwa ameshamfunga miguu, akamweka kando, kesho ampelekee ofisini kumwomba radhi kwa kumwaibisha mbele ya mkubwa wake. Mgeni ni mgeni, alisema, hajui desturi, kosa ni langu sikumwarifu. Nilikuwa namsikiliza nikitamani kulia na kumpigia kelele kwa pamoja.

Mkufunzi alipoondoka, Mama alikwenda kukichukua chungu chake. Akachungulia. Akatia mkono ndani, akauzungusha, akautoa. Machicha yamekaukia chini, hata kusuuzwa hakikusuuzwa. Na kitupu. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu unatia chumvi ya kushika kwa vidole viwili, unatia jani la mboga, unatia chochote, ili aliyekupa ajue umemwona kuwa ni mtu.

Alikigeuza juu chini kama anayetegemea kitu kidondoke.

"Hakuweka hata punje," alisema. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alikwenda akamfungua yule kuku miguu, akamwacha aende zake. Kisha akakisuuza chungu, akashusha kikapu cha ulezi kutoka darini, akaanza kuuosha.

Nilimuuliza anaosha ulezi wa nini na kesho tunaitwa. Kimea ni kazi ya siku nyingi: uloweke, uchuje, ufunike, uunyunyizie maji mpaka uote, uanike, usage. Nani atafanya hayo yote kama kesho wakimweka ndani? Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo si ya kumsemesha mama.

Alijibu bila kuinua kichwa. "Ni wa wale waliolima. Hawajanywa."

Ya kwake alimaliza hapo. Ya kwangu, ile "Ndiyo, Ndugu" niliyomjibu Mkufunzi, hajaigusa. Nimekaa karibu yake makusudi ili anigombeze na hanigombezi. Ameniambia tu nimshikie ungo.

Sasa jua limeshuka na ulezi umelowa ndani ya chungu kilekile. Naogopa kama nilivyoogopa asubuhi, labda zaidi, kwa sababu asubuhi nilikuwa na chuo cha kujifichia nyuma yake. Naogopa ngazi za ile ofisi. Naogopa atakavyonitazama, na kalamu zake mbili. Namwogopa hata balozi. Namfikiria Baba anarudi kutoka Kabwe na mzigo wa samaki, anakuta mlango una kufuli na majirani wanamkwepa.

Lakini ulezi huu kesho kutwa lazima uchujwe. Usipochujwa utachacha, na watu watakuwa wamelima bure kweli.

Juzi Mama aliuliza shamba ni la nani, nikatazama miguu yangu. Kesho nitaulizwa tena, na safari hii jina linaloitwa ni langu. Nimejaribu kujibu hapa jikoni, peke yangu, kwamba ni la Mkufunzi. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili imetoka, hata kuku amegeuza shingo.