Kovu Begani, Ikola

Mjukuu wangu Neema,

Huku ziwani upepo umetulia, na dagaa wanaanikwa mchangani mpaka mlangoni kwangu. Hata chai inanukia dagaa. Leo mama mmoja amenijia na mtoto mgongoni, kasikia nilikuwa daktari. "Bibi, wangu hajatoka kovu la sindano ya kifua kikuu. Achomwe tena?" Jirani yake akacheka: "Wako walimchoma maji! Wangu kovu kama kifungo, hata kuhara hakumjui." Nikamwambia mama atulie: chanjo imeingia, kovu si lazima.

Yule jirani sikumbishia. Kazini niliona mara nyingi watoto waliochanjwa mapema wakiepuka hata magonjwa ambayo sindano ile haikutengenezewa. Wataalamu bado wanabishana juu ya hilo, nami nitakufa bila kujua jibu. Si mbali, Neema. Moyo wangu umechoka, niliwaficha nilipoondoka.

Mtoto wako, uliyemzaa nyumbani, bado hajachomwa. Unangoja akomae kidogo. Usingoje. Mpeleke kesho zahanati, na akichomwa unipigie hapohapo, nimsikie akilia.

Nawapenda nyie wawili,
Bibi