Gari Lililofungwa na Baba

Bi Swabaha mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Nakuandikia kuomba msaada kwa sababu kulisema kwa mdomo nimeshindwa. Kakangu Faraj na binamu yetu Muhdhar wana pikapu za Pijo, injini moja, mwaka mmoja, wala hazikuongezwa kitu, ila ya kakangu marehemu baba, aliyekuwa seremala hapa Ndia Kuu, aliitoa bodi ya bati akafunga ya mvule ili ibebe makabati ya wateja, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho duniani. Jumapili asubuhi, malori ya bandarini yakiwa machache, wao hushindana barabara ya Kilindini, husimama sambamba, rafiki yao Katana huangusha leso, na kila mara Muhdhar huchomoka tangu gia ya kwanza, kisha hurudi akicheka, "Wee Faraj, wapakia mawe ya Ngomeni humo?" Kakangu akaanza kusema gari haliwezi kushindwa na pacha wake, pana mkono wa mtu.

Mimi nasoma fizikia shuleni, nikaona ni uzito tu, maana pengo hukua wakati wa kuondoka, na magari yakishapata mwendo halizidi sana. Nikajipa moyo nikamwambia, "Kaka, gari lako limefungwa na baba." Nilikusudia bodi, Bi Swabaha, wallahi nilikusudia mbao na nati! Akauliza, "Ulimwona kwa macho yako?" Nikaitikia kwa kichwa, akatoka.

Baba aliyachukia mashindano hayo, na alifariki yeye na kakangu wakiwa hawasemezani. Sasa kila Ijumaa mama akimwita kuzuru kaburi, kakangu hujibu, "Nendeni nyinyi mlio na radhi." Nataka kumweleza, lakini nachelea ataing'oa ile bodi ili amshinde Muhdhar, na kazi ya mkono wa baba haikubaki kwingine. Nifanyeje?

Mdogo Mtu, Mji wa Kale

JIBU

Mwanangu, pole kwa msiba. Sasa nisikilize.

Fizikia umeisoma, lakini neno "kufungwa" limekuponyoka. Aliyefiwa na mzazi waliyekosana naye akilisikia, hafikirii nati, hufikiria laana. Nawe wajua anavyoumia, umekaa kimya ili mbao zisalimike. Mbao! Baba yenu alikuwa na hasira, na bado alimkatia mvule mtoto asiyesema naye. Kama hiyo si radhi, ni nini?

Usimtume mama wala Katana. Ingia garini ukae kando yake, nyote mkitazama mbele, maana mwenye haya husema vizuri asipotazamwa. Mwambie, "Baba alifunga bodi kwa nati. Hakufunga gari kwa dua." Akitia shaka, Muhdhar apakie mchanga wenye uzito wa mvule ule, tuone kama atachomoka. Wajaribu penye uwanja mtupu, kisha mchezo huo ukome. Jumapili barabara ile ina watu waendao kanisani kwa miguu.

Akitaka kuing'oa bodi, mshikie spana. Alipewa yeye, si wewe. Asipoing'oa, usimuulize kwa nini.

Mwambie leo. Na Ijumaa mama apandishwe gari hilo hilo, mwende kaburini nyote watatu, polepole.