Risasi Nilizokujazia, Kaka

Mchafukoge, Dar es Salaam

Kaka Mahadhi,

Shikamoo. Naiandika nikijua yupo wa kuiitikia, na kwa siku tisa sikuwa na hakika hiyo. Mama anaendeleaje na kifua chake? Shemeji amejifungua salama? Mimi na shemeji yako Zaituni tu wazima, ingawa sukari tunaipangia foleni tangu alfajiri na mara nyingi tunarudi na kikapu kitupu.

Simu yako ya maandishi ilifika jana asubuhi. Tarishi wa posta aliniletea hapa duka la bunduki, akaifungua Fundi Karimu, bwana wangu wa kazi. Akasoma: "SIJAPIGA. ELEZA." Nilikaa chini palepale sakafuni. Sasa naeleza, na sitakuficha kitu.

Katika barua yako ya kabla ya Ramadhani ulinilalamikia habari za yule kulungu aliyekuwa akila mihogo ya shamba la kijiji. Ulisema ulimpiga begani, risasi ikapasukia juu ya mfupa bila kuingia ndani, naye akakimbia, mkamfuata nusu siku mpaka damu ikapotea majanini. Ukaandika, "Mdogo wangu, risasi zenu hizi zinamtesa mnyama bure." Maneno hayo yalinichoma, maana nilisaidia kuzijaza.

Basi katibu wa kijiji chenu, Ndugu Chilumba, alipokuja na leseni ya bunduki ya kijiji na kibali cha polisi akitaka risasi ishirini, niliona hii ndiyo nafasi yangu. Unajua risasi mpya za nje haziji tena. Tunachukua maganda mliyokwisha kuyapiga, tunayasafisha, tunatia fataki mpya ya kuwashia na baruti, kisha juu tunabana kichwa, ile ncha inayoruka. Fundi alipima baruti mwenyewe, akaitia katika maganda yote ishirini. Ilikuwa Ijumaa, akawa anawahi msikitini. Akaniambia, "Hamisi, bana vichwa, mkabidhi katibu."

Kabatini mlikuwa na maboksi mawili. Moja la vichwa vyepesi vyenye ncha kali, vya aina ileile iliyokupasukia. La pili la vizito vyenye pua butu. Nilikiweka kimoja kizito kiganjani, nikakuona umepiga goti pembeni ya mihogo. Nikajisemea, hiki hakitapasukia begani, hiki kitafika moyoni. Nikabana ishirini. Katibu akatia sahihi, akaondoka na pakiti yake, nami nilitembea kwenda nyumbani najiona fundi kamili.

Kesho yake asubuhi Fundi alifungua kabati.

"Boksi la vyepesi mbona halijaguswa?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno. Alivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Baruti ile niliipima kwa kichwa chepesi," akasema polepole. "Kichwa kizito hakitoki upesi. Nguvu inajaa ndani, inatafuta pa kutokea. Komeo la bunduki, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, linaweza kupasuka likamrudia mpigaji usoni. Nani anayepiga?"

"Kaka yangu."

Akauliza, "Basi la kusini la katibu linaondoka saa ngapi?"

Nilikuwa nimeshatoka mlangoni. Nilikata katikati ya Mnazi Mmoja, watu wakipanga viti vya mkutano, kandambili moja ikakatika, nikaiacha. Nilipofika Msimbazi palikuwa na matone ya mafuta tu pale basi lilipokuwa limesimama. Mkata tiketi akaniambia, "Leo limewahi. Siku zote mnalalamika linachelewa."

Nikaenda posta. Niliandika kwenye fomu: "USIPIGE RISASI MPYA. HATARI." Karani aliisoma mara mbili, akautazama mguu wangu usio na kiatu, akaingia ndani nayo. Akatoka na askari.

"Risasi gani hizi, ndugu?" askari akauliza. "Na hatari kwa nani?"

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mhalifu. Waliniweka kwenye benchi, na fomu yangu ikawa imelala mezani, haijatumwa. Nilitazama saa ya ukutani nikihesabu basi limefika wapi. Nikamsihi yule askari, "Nifungeni, lakini itumeni kwanza." Karibu adhuhuri Fundi aliingia, amenitafuta kila mahali, mkononi ana daftari la duka lenye sahihi ya katibu na nakala ya kibali. Alieleza kwa utulivu, wala hakusema ni kosa la kijana wake. Alisema, "Kazi imetoka dukani kwangu na kasoro." Simu ikatumwa posta ya Nachingwea, na kutoka hapo ikabidi tumtegemee yeyote anayekuja kwenu.

Siku tisa, kaka. Siku ya sita, kwenye foleni ya ushirika, mtu wa kwetu alisema amesikia mwindaji ameumia kwa bunduki yake huko upande wa Liwale. Hakujua jina. Zaituni alinishika mkono akanirudisha nyumbani, sukari tukaiacha. Usiku sikulala, wala sikuthubutu kumwambia Zaituni nilichokuwa nakiona nikifumba macho. Namwombea huyo mtu, yeyote awaye.

Sasa nakuomba: pakiti ile mrudishie katibu ikiwa imefungwa, aje nayo. Asiwepo mtu wa kuzifungua huko kwa koleo, hata kama anajidai anajua.

Nilidhani Fundi atanifukuza. Jana, baada ya simu yako, aliniita mezani akaniwekea yale maboksi mawili. "Chagua tena," akasema. Niliogopa, nikashika vyepesi. Akanizuia mkono. "Kwa kulungu ulichagua sawa. Kizito ndicho. Ulikosea kuchagua kimyakimya." Tukaanza upya, na safari hii baruti tumeipima pamoja, ganda moja moja, ikiwa pungufu kuliko ya awali, kama kinavyotaka kile kichwa.

Leo ametuombea nafasi kwenye uwanja wa shabaha wa polisi, tukaenda na bunduki ya dukani inayofanana na yenu. Akanipa risasi moja kati ya zile mpya. Nililala chini, nikaweka shavu kwenye kitako cha bunduki. Niliinuka mara mbili. Fundi alisimama pale ubavuni kwangu, hakurudi nyuma hata hatua moja. Mara ya tatu nilivuta. Bega likapigwa, nikavuta komeo likafunguka laini, ganda zima likaanguka kwenye mchanga. Kaka, miaka yote hii wewe umekuwa ukiweka shavu lako hapo kwa kuniamini mimi.

Nishikie Mama miguu. Msalimie shemeji na mtoto ambaye sijamjua jina, mjomba wa ghala la kijiji, na Ndugu Chilumba, mwambie asinichukie.

Pakiti mpya ataileta yeye. Ukihesabu utakuta kumi na tisa. Ya ishirini nimeipiga mimi.

Mdogo wako,
Hamisi