Dawa Niliyokunyima, Aboowe

Mpendwa kaka yangu Abdirashid,

Bado nakuita aboowe, kama nilivyokuita tangu utoto wetu hapa mtaa wa Iftin, Garissa, ingawa hakuna tena wa kuniitikia.

Ulikuwa dereva wa lori la mifugo, Habaswein hadi Garissa, na mwili wako ulijaza kiti chote. Ukilala ulikoroma, mara pumzi ikakatika, kisha ukashtuka kama mtu aliyekabwa. Usiku hukupumzika, mchana ukasinzia. Siku ulipolala kwenye usukani, lori likaacha barabara na mbuzi wa watu wakafa, ndipo ukakubali nililokusihi miaka mingi: upasuaji wa koo. Nilikushawishi mimi, muuguzi wa familia, na ukalazwa katika wodi yangu mwenyewe.

Ulipozinduka, daktari alikupa mofini kidogo, ile dawa kali ya maumivu, kupitia mshipa. Maumivu yakaondoka. Ukanitazama, ukatabasamu, ukafumba macho. Nikawa natazama kifua chako. Kilipanda, kikashuka, kisha kikatulia.

“Aboowe! Vuta pumzi!”

Nilikutikisa mabega, nikamwita daktari kwa kelele, tukakuwekea oksijeni hadi midomo yako ikarudia rangi yake.

“Huyu tumpe parasetamoli ya dripu,” daktari aliniambia. “Itamwachia maumivu, lakini haitamnyima pumzi.”

Na kweli ilikuachia. Kumeza mate tu kulikutoa machozi. Sauti haikutoka, ukaomba karatasi, ukaandika, ukiniita dada kama siku zote: “Abaayo, nirudishie ile ya kwanza.” Nikatikisa kichwa. Ukaandika tena, kalamu ikatoboa karatasi: “Hooyo angenipa.”

Hooyo, mama yetu, tulikuwa tumemzika mwaka uleule. Ulijua neno hilo lingenichoma wapi.

“Haiwezekani,” nilikujibu, kama ninavyomjibu mgonjwa nisiyemjua. “Dawa yako nyingine ni saa kumi.” Nikaenda kitanda cha pili. Nilipogeuka, ulikuwa umenipa mgongo.

Ulipona. Mkeo Halima aliniambia unalala kimya mpaka anakuwekea kiganja puani kuhakikisha u hai. Ukipita Garissa uliniletea maziwa ya ngamia, tukanywa chai, tukazungumza ukame na bei ya mbuzi. Neno lile hatukuligusa. Nilingoja uanze wewe. Labda nawe uliningoja mimi.

Kisha moyo wako ukasimama ghafla Habaswein, Ijumaa, baada ya swala. Nilipofika, ulikuwa umeshazikwa. Halima alinishika mkono. “Wallahi, hakuwa na kinyongo nawe,” alisema. Namwamini. Lakini nilitamani kuyasikia hayo kinywani mwako.

Wenzangu wananiambia nilifanya sawa, na mimi najua nilifanya sawa. Wakati mwingine mtu hufanya sawa na bado akashindwa kula chakula chake. Ningekunyima tena, aboowe. Hata leo, ungeniomba kwa machozi yaleyale, ningekunyima. Ila nisingekwenda kitanda cha pili. Ningeketi kando yako, nikakushika mkono, tukalia sote wawili mpaka saa kumi ifike.

Allah akusamehe, akupanulie kaburi lako, na anisamehe mimi niliyebaki.

Mdogo wako wa kike,
abaayo