Pale Ulipomkatiza Mama

Macalder,
Jumapili jioni.

Kwa ndugu yangu Clifford,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mahindi yameanza kukomaa na goti la Mama limepoa kidogo. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima huko Homa Bay. Salamu ziishie hapo, maana nimekukasirikia, na nikizidi kukusalimu nitakuwa mnafiki. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Kazi hii ya podikasti ulinifundisha mwenyewe. Ulinipa hedifoni zako kuukuu ukaniambia nisikilize mpaka mwisho ndipo nikate. Mwanzoni nilidhani sauti nzuri ni sauti safi. Niliondoa majogoo, upepo, kila kitu, mpaka watu wakasikika kama wako ndani ya mtungi. Ulinicheka, ukasema sauti nzuri ni ile inayokufanya umwone mtu pale alipokaa. Polepole nikaanza kusikia. Nikajua pumzi ikivutwa lazima itoke, na kelele za nyuma zikiruka, basi hapo kuna mtu amekata.

Sasa nisikilize mimi.

Unajua Mama hakuwahi kusimulia jinsi Baba alivyofukiwa kwenye shimo la dhahabu. Alipokubali, alisema hawezi kuyasema mbele yangu. Nikamwachia jirani yetu Monicah simu ya kurekodia, wakakaa pale wanapoponda mawe ya dhahabu na wanawake wenzao, nami nikaenda zangu. Nilikutumia rekodi bila kuisikiliza. Niliogopa.

Uliponirudishia ikiwa imehaririwa, uliniagiza niiweke hewani na nifute ile ya kwanza. Nikavaa hedifoni. Mama anasema Baba alishuka shimoni asubuhi, anavuta pumzi, na pumzi haitoki! Nyundo nyuma yake zinagonga ko, ko, halafu zinaruka, na mara Mama yuko kwenye matanga. Nilipokupigia kuuliza, ulisema upepo uliharibu hapo. Yawa, upepo? Unamdanganya mtu uliyemfundisha mwenyewe kusikia?

Nikafungua ile ya kwanza. Hakuna upepo. Mama anasema wewe ndiye uliyeachiwa kamba siku hiyo, ukaiacha, ukaenda Migori kutazama mpira. Udongo ulipoanza kuporomoka, hapakuwa na mtu wa kumvuta Baba. Na mimi, Clifford, miaka yote hii umeniambia ulivuta mpaka viganja vikachubuka! Nimelisimulia hilo shuleni na kanisani, nikijivunia kaka yangu. Nililia kwa hasira. Nilitaka nije Homa Bay niivunje hiyo kompyuta yako.

Lakini sikuzima. Nilisikiliza mpaka mwisho kama ulivyonifundisha, jambo ambalo wewe mwenyewe hukulifanya. Ulisikia jina lako, ukashtuka, ukakata yote mpaka kwenye matanga. Hujui kilichokuwa katikati.

Mama akishakutaja, wanawake wanaacha kuponda. Wote. Husikii nyundo hata moja, ni kuku tu na mtu anayepenga kamasi. Kimya hicho ni kirefu, na najua kwenye kompyuta ulikiona ni mstari mnyoofu tu, ukadhani ni patupu. Kisha Mama anasema taratibu, kwa Kijaluo, kwamba ulikuwa mtoto, na watoto hupenda mpira. Anasema hajawahi kukulaumu hata siku moja. Kinachomuuma ni kwamba tangu siku hiyo hujawahi kukaa naye ukamtazama usoni. Ndipo nyundo moja inaanza tena, na nyingine zinaifuata.

Umemfuta Mama akikusamehe, mjinga wewe!

Sijaweka chochote hewani. Ndani ya bahasha hii kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, ina rekodi nzima. Isikilize, usiguse kitu mpaka nyundo zianze tena. Hasira yangu bado ipo, na uongo wako tutauzungumza ukija, si kwa simu.

Wasalimie shemeji na watoto. Monicah anakusalimu. Mama pia anakusalimu sana. Hajui kama nimekuandikia. Kila jioni ananiuliza kama Clifford ameshaisikia, nami namwambia bado.

Dadako,
Lynnet