Punje za Mwisho za Baba Neema

Jumatatu, 9 Juni

Baba Neema, leo nimevunja mayai tena. Ute kwenye bika ya maabara ya shule, viini kwa Tumaini wa jikoni. Kanicheka: "Mama Neema, kila siku viini tu! Huo ute unampelekea mganga gani?" Nikamwambia nakuza fuwele za protini, zile ulizokuwa unawaonyesha kidato cha sita. Akachukua viini, hakucheka tena. Alikuwepo kwenye mazishi yako.

Nimetia chumvi. Nimetia na mbegu za kuanzishia, nusu ya punje za fuwele zilizobaki kwenye kichupa chako.

Jumatano, 11 Juni

Hakuna kitu. Povu na utando mweupe. Punje zako zimeyeyuka. Nimelia stoo.

Zilizobaki zikienda, basi. Hapa Ibaba hakuna mwingine zaidi yako aliyewahi kuzikuza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejua kosa. Niliupiga ute kwa uma, kama wa chipsi mayai. Mkono umezoea jiko. Protini ikipigwa hivyo inaharibika. Wewe uliukata kwa mkasi, taratibu, ncha ya ulimi imetoka pembeni mwa mdomo. Nilikuwa nakutania kwa huo ulimi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeukata ute kwa mkasi. Nimechuja kwa kitambaa safi, nikauacha utulie, nikachuja tena. Haukutoa povu.

Mkuu wa shule kapita. "Mama, pumzika. Hata marehemu mwalimu mwenyewe fuwele zilikuwa zinamgomea."

"Zitanizoea tu, Mkuu."

Nimetia chumvi, kisha punje zote zilizobaki. Sina akiba. Naogopa. Friji ya maabara imekufa, nimeweka bika dirishani upande wa kivuli. Baridi ya huku inatosha.

Jumatatu, 16 Juni

Sijaigusa. Natamani kuigusa.

Ijumaa, 20 Juni

Zipo.

Ndogo, zina pembe, zinang'aa chini ya hadubini. Nyingi kuliko nilizotia. Moja nimeibonyeza kwa sindano, ikapondeka kirahisi. Chumvi isingepondeka hivyo. Ni zenyewe.

Sikumwita mtu. Nimekaa nazo mpaka kengele ya chakula. Kisha nimezigawa kwenye vichupa, vya darasa na vya mbegu. Nje ukungu umeshuka mpaka uwanjani, watoto wanacheza mpira humohumo, hawaonekani, wanasikika tu.

Nimechoka vizuri leo. Huko uliko, Baba Neema, unikumbuke.