Barafu Ambayo Mama Hakuiamini

Mkolani, Jumapili jioni

Kaka Maduhu,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Leo nimefua shati lako la urubani, ingawa lilikuwa safi. Sikuwa na kazi nyingine. Nyumba imepoa tangu wifi Rosta alipoondoka kurudi kwao Musoma.

Mchunguzi wa ajali ya ndege yako alikuja akatueleza kwa upole. Petroli ilikuwamo, injini haikuwa na kasoro. Mvua ilikuwa imenyesha na hewa juu ya ziwa ilijaa unyevu. Ulipopunguza nguvu ya injini ili uteremke, inaelekea barafu iliziba kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Wavuvi nao walisema ndege haikulipuka. Ilinyamaza tu, ikaenda majini.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Barafu? Mwanza hii? Hebu nionyeshe."

"Imeshayeyuka, mama."

"Ahaa! Aliyemuua mwanangu ameyeyuka!" Akamgeukia wifi. "Na wewe, asubuhi ile ulimpa nini kwenye uji?"

Msiba mzima ulisikia. Toka hapo wifi akipika, chakula kinalala bila kuguswa. Alivumilia mpaka matanga yakaisha, akafunga mzigo wake. Nilimsindikiza stendi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Mimi sikuwa na shaka, kwa sababu yako, ingawa siku ile sikumtetea wifi. Unakumbuka uliponimwagia petroli mkononi pale uwanja wa ndege, ukapuliza? Nilipiga kelele kwa baridi. "Mwanafunzi wa fizikia mzima, anaogopa petroli!" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanieleza kwamba kwenye kabureta petroli inapoa vilevile, hadi unyevu wa hewa unaganda, na kwamba kuna mkono wa kuvuta ili hewa ya moto iingie. Sijui kama uliuvuta ukachelewa. Hakuna anayejua. Nikifumba macho, nauvuta mimi.

Jana nilichukua spiriti, ile tunayopakwa kabla ya sindano, nikampaka mama mkononi, nikapuliza. Akautazama mkono wake.

"Kumbe inapoa hivi," alisema. Halafu akanigeukia. "Kabula, yule mtoto wa watu nimemfanya nini?"

Tunakula pamoja kama abiria wasiojuana.

Ijumaa tunakwenda Musoma, mimi na mama. Nimemwambia atasema mwenyewe, mbele ya wazazi wa wifi, kwamba alimsingizia. Wifi anaweza kukataa kurudi, na sitamlaumu. Ningependa arudi, kaka. Hakuna mwingine hapa ninayeweza kukutaja kwake na akajua ninamzungumzia nani hasa.

Lala salama huko uliko. Nakuahidi hili: arudi au asirudi, mtu akimwita muuaji mbele yangu, sitanyamaza tena.

Mdogo wako,
Kabula